Kila fundi aingie kwenye seva kwa ufunguo wake mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nizungumze na wakuu wa ofisi, wamiliki wa hoteli, walimu wakuu wa skuli binafsi, viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, na wengine wote wa Unguja na Pemba ambao kazi zao siku hizi zinategemea kompyuta iliyowekwa mahali wasipopaona. Ninalotaka kusema ni moja: nywila inayotumiwa kwa ushirika na mafundi wawili au watatu kuingilia seva, yaani hiyo kompyuta ya mbali, iondolewe, na badala yake kila fundi awe na ufunguo wake wa kidijitali, unaojulikana kuwa ni wake, na unaoweza kufutwa peke yake bila ya kumsumbua mwengine.

Sisi watu wa visiwani tunalihitaji jambo hili kuliko wengi. Fundi anayeishi Chake Chake anaweza kuwa anatunza mfumo wa malipo wa hoteli iliyoko Nungwi, orodha ya wanafunzi wa skuli iliyoko Wete na daftari la mikopo la chama kilichoko Mjini Unguja, na huenda katika zote hizo hakuna seva hata moja iliyomo ndani ya Zanzibar, kwa sababu wengi wetu tunakodi nafasi kwenye kompyuta zilizoko Ulaya au Marekani. Mfumo ukigoma usiku wa manane, hakuna boti ya kumvusha kutoka Mkoani hadi Malindi saa hiyo, na hata angevuka asingekuta cha kukigusa kwa mkono. Huingia kwa mbali, akiwa nyumbani kwake, kwa intaneti ya simu. Mlango huo wa mbali ndio mlango mkuu wa taasisi, ingawa mwenye taasisi hajapata kuuona, na mlinzi aliyemweka getini hana uwezo wa kuulinda.

Njia inayotumiwa na takriban mafundi wote kuingia kwa mbali ni itifaki, yaani kanuni za mazungumzo baina ya kompyuta, iitwayo SSH (Secure Shell). Ilizaliwa Ufini mwaka 1995, baada ya wezi wa mtandaoni kunasa nywila zilizokuwa zikipita katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki. Wakati huo watu wengi waliingia kwenye kompyuta za mbali kwa Telnet, ambayo hupeleka kila herufi ikiwa wazi kama ilivyoandikwa, ikiwemo nywila yenyewe, na aliyekaa njiani akisikiliza aliipata bila ya jasho. Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti chuoni hapo, aliandika programu mpya ambayo kwanza huyasimba mazungumzo yote, yaani huyafumba yasisomeke na mwengine, ndipo lolote la siri lisemwe. Aliitoa bure mwezi Julai wa mwaka huo, na kabla ya mwaka kumalizika ilikuwa imeshafikia watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50. Mwaka 1999 wajenzi wa mfumo endeshi wa OpenBSD walitoa toleo lao huru, OpenSSH, na hilo ndilo lililomo leo katika seva nyingi mno zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, zikiwemo hizi tunazozikodi sisi.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tumeishia hapo. Fundi humwambia mkuu wake kuwa njia imesimbwa, mkuu akaridhika, na kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Usimbaji wa njia hauizuii nywila kukisiwa, wala kuambiwa mtu, wala kuandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, wala kubakia katika simu ya aliyekwisha kuacha kazi. Seva yoyote iliyofungua lango namba 22, ambalo ndilo la SSH, huanza kujaribiwa muda mfupi tu baada ya kuwekwa hewani. Wanaoijaribu ni programu zinazopita anwani moja hadi nyengine katika intaneti nzima, mchana na usiku, zikibahatisha majina kama «root», «admin» na «test» pamoja na nywila zilizoibiwa kwengineko. Programu hizo hazijui kuwa hii ni hoteli ndogo ya Jambiani na ile ni benki ya London, na hazina haja ya kujua. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba sisi ni wadogo na hakuna atakayetutafuta, naona wamekosea kabisa, kwa kuwa hapa hakuna anayetafutwa kwa jina. Anayepatikana ni yule ambaye nywila yake ni dhaifu.

Hata hivyo si wadukuzi wa ng'ambo walionifanya niandike barua hii. Niliwahi kuitwa katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, baada ya rekodi za malipo kukutwa zimebadilishwa. Mafundi watatu, mmoja wao akiwa ameshahama, walikuwa wakiingia kwa jina moja la mtumiaji na nywila moja, ambayo ilikuwa imeandikwa pia katika kundi la WhatsApp la ofisi. Daftari la kuingia la seva lilionesha kwamba jina hilo liliingia usiku kutoka katika mtandao wa simu, ambao huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja, na ushahidi ukakomea hapo. Dhana ikamwangukia kijana aliyehama, kwa sababu tu hakuwepo kujitetea. Huenda alifanya, huenda hakufanya. Mimi niliyepewa kazi ya kuchunguza sikuwa na cha kumtia hatiani wala cha kumsafisha, na mpaka leo anatembea na tuhuma hiyo katika mji ambao kila mtu anamjua mwenziwe na jamaa zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mtu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa, lakini kabla ya sheria kufanya kazi lazima ijulikane ni nani aliyeingia, na nywila ya ushirika huufuta ushahidi huo hata kabla ya kosa kutendeka. Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwepo, haikuhitaji kununuliwa, na ilikuwa tayari imo ndani ya seva ile ile.

Dawa yenyewe ina historia ndefu kuliko SSH. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Marekani walichapisha wazo kwamba funguo za kusimbia zinaweza kuja mbili mbili, mmoja ukatangazwa kwa kila mtu na mwengine ukafichwa, bila ya aliyeuona ule wa wazi kuweza kuukokotoa ule wa siri. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT walipata hesabu ya kulitekeleza, ambayo nguvu yake inatokana na ugumu wa kuichukua namba kubwa mno na kuzigundua namba tasa mbili zilizozidishwa kuipata. Fundi wa leo halazimiki kuijua hesabu hiyo. Anaendesha programu ya ssh-keygen kwenye kompyuta yake, na katika sekunde chache ana jozi yake. Ufunguo wa wazi, ambao ni mstari mmoja tu wa maandishi, humpa msimamizi wa kila seva anayoihudumia, naye huuweka katika faili la funguo zilizoruhusiwa. Ni sawa na mtu aliyetengeneza kufuli nyingi za aina moja, akaipa kila ofisi kufuli yake, na ufunguo pekee wa kuzifungua akabaki nao kiunoni: ofisi haina siri yake ya kuibiwa, na anayeiokota kufuli hapati faida yoyote.

Siku ya kuingia, kompyuta ya fundi huchukua kitambulisho cha mazungumzo hayo, ambacho ni cha mara moja tu, ikakitia sahihi kwa ufunguo wa siri, na seva ikaikagua sahihi hiyo kwa ufunguo wa wazi ilionao. Ufunguo wa siri wenyewe hausafiri hata hatua moja. Hata ikiwa seva imeshatekwa, watekaji watakachokikuta humo ni ufunguo wa wazi, ambao mwenyewe angeweza kuuchapisha katika gazeti lako, Mhariri, bila ya kupata dhara. Nywila haina sifa hii, kwani kila unapoiandika unaikabidhi nzima nzima kwa mashine ya upande wa pili, na ikiwa umeitumia hiyo hiyo kwenye seva tano, aliyeiteka moja amezipata zote tano.

Kisha lipo lile ambalo lingemwokoa kijana niliyemtaja. OpenSSH huandika katika daftari lake muhtasari wa ufunguo uliotumika kila mtu anapoingia, ambao mafundi huuita alama ya kidole ya ufunguo, na huuandika hata pale ambapo watu wote wanaingia kwa jina moja la mtumiaji. Alama hiyo haisemi ni mkono wa nani uliobonyeza kibodi, bali inasema ufunguo wa nani ndio uliofungua, na hiyo inatosha kujua nani aulizwe kwanza na nani aachwe na amani yake. Bila shaka aliyeingia akiwa na mamlaka yote anaweza kulifuta daftari, na kwa hiyo ofisi yenye fedha za watu inapaswa kupeleka nakala ya daftari hilo, papo kwa papo, kwenye kompyuta nyengine ambayo mafundi hao hawana ruhusa nayo.

Nikilieleza hili, jambo la kwanza ninaloulizwa ni kompyuta mpakato ikiibiwa bandarini itakuwaje. Ni swali la haki. Ufunguo wa siri ni faili, na faili likichukuliwa wazi ni la aliyelichukua. Ndiyo maana ssh-keygen, kabla ya kulihifadhi, humuomba fundi maneno ya siri ya kulisimbia, na humuomba ayarudie. Nimeona mafundi wengi, baadhi yao hodari, wanaobonyeza kitufe cha Enter mara mbili na kupita bila ya kuandika chochote, kwa hoja kwamba hawataki kuandika maneno marefu kila wanapoingia. Hoja hiyo haina msingi, kwa sababu ipo programu msaidizi iitwayo ssh-agent, ambayo huombwa maneno hayo mara moja asubuhi kisha ikaushika ufunguo katika kumbukumbu ya kompyuta mpaka jioni. Maneno yenyewe yawe mengi, matano au sita yasiyo na uhusiano, yasiyotoka katika methali wala aya inayojulikana na kila mtu. Nayo haya hayafanani na nywila ya seva, kwa kuwa hayaendi popote. Hutumika ndani ya kompyuta ya fundi tu, na mwizi hawezi kuyajaribu bila ya kwanza kulipata faili.

Kuhusu aina ya ufunguo sina maneno mengi. Anayetengeneza leo achague Ed25519, ambayo Daniel J. Bernstein na wenzake waliitoa mwaka 2011, ikaingia katika OpenSSH mwaka 2014, na tangu mwaka 2023 ndiyo inayotolewa na ssh-keygen bila ya kuombwa. Mwenye RSA, ile ya Rivest na wenzake, ya biti 3072 au zaidi hana haja ya kukimbilia kubadilisha. Mwenye DSA ya zamani aiache, kwa kuwa OpenSSH imeshaiondoa kabisa mwaka 2025. Na anayetunza akiba za wanachama au taarifa za wagonjwa ningemshauri aagize kifaa kidogo cha kuchomeka katika USB, cha aina ya FIDO, ambacho OpenSSH imekitambua tangu mwaka 2020: siri hukaa ndani ya kifaa, haiwezi kunakiliwa nje, na kwa kawaida hakuna sahihi inayotolewa mpaka mwenyewe akiguse kwa kidole. Kwa kazi ya namna hiyo naiona gharama yake ni ya lazima, kama ilivyo gharama ya sefu.

Wapo pia wenzetu ambao tayari wana ufunguo binafsi wa kusimbia barua pepe, wa aina ya OpenPGP, uliotokana na programu ya PGP aliyoitoa Phil Zimmermann mwaka 1991. Wengi wao hawajui kuwa ufunguo huo huo unaweza kuwafungulia seva. Programu huru ya GnuPG humruhusu mtu kuwa na ufunguo mama mmoja, na chini yake funguo ndogo, kila mmoja na kazi yake: mmoja wa kutia sahihi, mmoja wa kusimbia, na mmoja wa kujithibitisha tu, na huu wa mwisho ndio unaotolewa kwa SSH, ambapo gpg-agent huchukua nafasi ya ssh-agent. Uzuri wa mpango huu ni kwamba ufunguo mama hautumiki kila siku. Hukaa mahali palipofungwa, nje ya mtandao, na zile ndogo ndizo zinazotembea na mwenyewe katika kadi au kifaa cha USB. Kifaa kikizama baharini, mwenyewe huzibatilisha zile ndogo, akazaa nyengine chini ya mama yule yule, na wanaomjua wakaendelea kumjua. Lakini hapa pana mtego ambao lazima usemwe waziwazi. Ubatilishaji huo hausomwi na seva. SSH haijui lolote kuhusu tarehe ya mwisho iliyowekwa katika ufunguo wa OpenPGP, wala haijui kuwa mwenyewe ameukataa. Mstari ukibaki katika faili la funguo zilizoruhusiwa, mlango unaendelea kufunguka. Aliyepoteza ufunguo lazima aingie katika kila seva, au ampigie simu kila msimamizi, mstari ule ufutwe kwa mkono. Naipenda njia hii kwa mtu mwenye subira ya kusoma. Kwa anayeanza, jozi ya kawaida ya SSH inatosha, na mahali pa kukosea ni pachache.

Haki inanitaka niseme na mipaka ya dawa hii. Mei 2008 iligundulika kwamba OpenSSL, programu ya usimbaji, iliyokuwa katika Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, tangu Septemba 2006 ilikuwa imeharibiwa katika sehemu inayookota namba za bahati nasibu, hata funguo zilizotengenezwa humo, kwa kila aina na kila ukubwa, zikawa haziwezi kuzidi 32,767 tofauti. Orodha ya namna hiyo kompyuta ya kawaida huijaribu yote ikaimaliza. Kwetu habari hiyo ilipita kimya, kwani mwezi huo huo Unguja iliingia gizani kwa wiki kadhaa baada ya kukatika umeme unaotoka bara, na watu walikuwa na mashaka ya karibu zaidi. Basi ufunguo wowote wa miaka ile unaokutwa bado unafanya kazi ufutwe leo. Na Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwa SSH kumechelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, akaifuata nusu sekunde hiyo mpaka akakuta programu ya kubana mafaili iitwayo xz, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, imepandikizwa msimbo wa siri ambao ungemruhusu aliyeupandikiza kuamuru seva za watu apendavyo. Matoleo hayo yalikuwa bado hayajasambaa sana. Ufunguo mzuri wa fundi usingezuia hilo. Lililosaidia ni mtu mwangalifu, na baada yake ni wale waliosasisha programu zao bila ya kuchelewa.

Kuna na upande wa pili wa mlango, ambao hata mafundi wazoefu huupuuza. Seva nayo ina jozi yake ya funguo, na mara ya kwanza unapoiendea, SSH hukuonesha alama ya kidole ya seva na kukuuliza kama una yakini. Karibu kila mtu huandika «yes» bila ya kusoma. Anayeingia akiwa katika Wi-Fi ya hoteli au ya mkahawa wa Forodhani anaweza kuwa anaongea na mashine ya mtu aliyekaa meza ya pili, na akitumia nywila basi ameshampa. Aliye na ufunguo hampi siri yake, lakini amri zake na mafaili anayoyapeleka yanaweza kuishia mikononi mwa asiyemkusudia. Njia ya kujikinga ni nyepesi: aliyeiweka seva aisome alama hiyo kwa simu, kwa sauti, na anayeingia aifuatilie kwenye skrini herufi kwa herufi. Ni kazi ya dakika mbili, tena ya mara moja tu kwa kila seva. Siku nyengine SSH ikipiga kelele kuwa alama imebadilika, asiufute mstari wa alama ya zamani uliohifadhiwa katika kompyuta yake ili apite haraka, bali aulize kwanza kama kweli seva imebadilishwa.

Yapo mazoea mengine ambayo yakiendelea, ufunguo hautakuwa na tofauti na nywila tuliyoiacha. La kwanza na baya kuliko yote ni kumtumia mwenzako ufunguo wako wa siri kwa WhatsApp ili akusaidie kazi siku uliyosafiri. Ufunguo ulioshikwa na wawili haumtambulishi yeyote, na tumerudi pale pale kwa kijana yule. Mwenzako akihitaji kuingia, akupe ufunguo wake wa wazi, nao uongezwe, na kazi ikiisha uondolewe. Vilevile mtu mwenye kompyuta mbili atengeneze jozi mbili na aziite kwa majina ya kompyuta hizo, ili moja ikipotea ifutwe moja. Na anayepita katika seva moja kwenda nyengine asiwe mwepesi wa kuruhusu wakala wake wa funguo, ile ssh-agent, amfuate huko, kwa kuwa mwenye mamlaka kamili katika seva ya kati anaweza kuutumia ufunguo wake kwa muda wote atakaokuwa ameunganishwa, ijapokuwa hawezi kuuchukua.

Sasa narudi kwa wakuu, ambao ndio nilioanza nao. Huhitaji kuwa mtaalamu ili kulisimamia jambo hili. Mwambie fundi wako akuoneshe faili la funguo zilizoruhusiwa, na kwa kila mstari akutajie mwenyewe. Mstari usio na mwenyewe ufutwe mbele yako. Muombe akuoneshe pia kwamba kuingia kwa nywila kumezimwa, yaani kile kipengele cha PasswordAuthentication kimeandikwa «no», na kwamba akijaribu kuingia bila ya ufunguo anakataliwa. Ila mpe nafasi alifanye hilo taratibu, akiwa bado ameacha dirisha moja limeunganishwa mpaka ahakikishe kuwa ufunguo wake unafungua, maana wapo waliojifungia nje kwa haraka. Orodha hiyo ya funguo na wenyewe iwekwe katika jalada la utumishi, na siku mtu anapokabidhi ofisi, kufutwa kwa mstari wake kuwe ni sehemu ya makabidhiano kama ilivyo kurudisha kitambulisho na ufunguo wa mlango wa mbao. Nao walimu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kule Tunguu na katika Taasisi ya Karume pale Mbweni nawaomba wamfundishe mwanafunzi kutengeneza jozi yake tangu wiki za mwanzo, kwa kuwa aliyezoeshwa nywila ya darasa zima ndiye atakayekwenda kuizoesha ofisi yake.

Najua hofu iliyobaki, na nimeisikia kutoka kwa wakuu wenye busara: kwamba ufunguo ukiwa ni wa fundi peke yake, basi taasisi imekuwa mateka wake, na siku akikasirika, akiugua au akifariki, hakuna wa kuufungua mlango. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya waidai ile nywila ya pamoja, na siwalaumu. Lakini jawabu lake ni ufunguo mwengine, wa taasisi yenyewe, uliosajiliwa katika kila seva pamoja na funguo za mafundi, na usiotumika kwa kazi za kila siku. Utengenezwe mbele ya watu wawili walioaminiwa. Faili lake liwekwe katika flashi ndani ya bahasha iliyofungwa, katika sefu ya ofisi, na maneno yake ya siri yawe katika bahasha nyengine, kwa mtu mwengine, hata ikiwezekana katika jengo jengine. Kwa kuwa flashi huchakaa, na hewa yetu ya joto na chumvi haivisaidii vifaa hivyo, ufunguo huo uchapishwe pia kwenye karatasi. Ule wa Ed25519 ni mistari michache tu, na mtu anaweza kuuandika upya kwa mkono akiwa ametulia. Kila mwaka, mkuu akiwepo, bahasha zifunguliwe na ufunguo ujaribiwe kwa kuingia nao kweli, kisha zifungwe upya na kutiwa sahihi na wote wawili. Na ukitumika siku ya dharura, ufutwe na utengenezwe mwengine siku hiyo hiyo, kwa kuwa waliouona hawatakuwa tena wale wawili.

Wako,
Msimamizi wa mifumo ya kompyuta,
Chake Chake, Pemba